Niliandika "Kawaida"

Vijana wangu, mtu aliyenifundisha kazi nilimwondoa kazini kwa kumwandika.

Sikumfitini kwa meneja wala sikumsingizia wizi. Nilikaa naye siku tisa, nikamuuliza anachokijua, akanijibu, nikakiingiza kwenye kompyuta. Nilipomaliza ikaonekana hahitajiki tena. Halafu katika yale niliyoandika mlikuwa na kosa langu moja, na kwa kosa hilo mtu mwingine akapoteza mkono. Lawama akabebeshwa yule mzee. Mimi nikanyamaza, nikaendelea kuvaa shati jeupe.

Nawaandikia ninyi kwa sababu naona mnavyohama. Hapa Bariadi, tangu tuwe makao makuu ya mkoa, kijana ana cheti cha kompyuta lakini anachomelea mageti, na mwingine aliyekuwa fundi wa pikipiki leo yuko ofisini anaingiza majina ya watu kwenye mfumo. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe nilihama kutoka kwenye spana kwenda kwenye kompyuta, na baadaye nikarudi kwenye spana. Kuhama hakujawahi kuwa kosa. Kosa lilikuwa mahali pengine, na ndipo ninapotaka kuwafikisha.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kuchambua pamba, pembeni mwa mji, enzi ambazo Bariadi ilikuwa wilaya tu na mkoa wetu ulikuwa Shinyanga. Pamba mbegu iliingia upande mmoja kwa malori, ikapita kwenye mashine zilizopangwa mistari miwili, mbegu zikaanguka chini, nyuzi zikaenda kushindiliwa kuwa marobota. Mashine zote ziliendeshwa na shafti moja ndefu iliyopita nyuma yake, usawa wa kiuno, ikizungusha mikanda. Shafti ililala juu ya beringi. Mkishika hilo mmeshika karibu yote. Beringi ikikauka shafti inakamatwa, na shafti ikikamatwa ghafla mikanda haina adabu.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Nkwabi. Alikuwa mtu mfupi, grisi imemwingia mpaka kwenye mikunjo ya kope, na shule aliiacha darasa la tatu kwa sababu ng'ombe wa baba yake walikosa mchungaji. Alikuwa na kipande cha fimbo ya kuchungia, urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka kwenye beringi, ya pili akaiegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Mashine zote zinanguruma, watu wanapiga kelele, yeye amefumba macho kama yuko kanisani.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Umesoma?"

"Kidato cha nne, Baba."

"Basi shika ndoo ya grisi. Yenyewe haijasoma, mtafundishana."

Nilitaka kuonyesha bidii. Nilijaza grisi kwenye beringi ya kwanza mpaka ikafurika pembeni, nikajaza ya pili, nikajaza ya tatu. Mchana zikaanza kuchemka zote tatu. Mzee Nkwabi alikuja akachungulia, akachota grisi kwa kidole, akanitazama.

"Ng'wanone," akasema, maana yake mwanangu, "umemlisha au umemzika?"

Wenzangu walicheka wiki nzima. Kila nikikaa kula, mmoja ananisogezea sahani, "Karibu, lakini usimzike mtu." Basi jueni hilo kama hamlijui: beringi inayozunguka kasi inataka grisi nusu ya tumbo lake, isizidi. Ukiijaza, grisi yenyewe inakuwa breki, inachemka. Hata leo naona mafundi wa mashine za kusaga wanaijaza kama wanaziba ufa wa ukuta.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya maneno.

Mzee Nkwabi hakuwa na majina ya kitabuni kwa sauti za mashine. Alikuwa na majina ya ng'ombe, na aliyasema kwa Kisukuma. Shafti ikiwa nzima, ng'ombe anacheua. Mkanda ukilegea ukawa unapigapiga, anafukuza inzi. Jino la gia likilika, anasaga meno. Roli iliyovaa ngozi ikianza kuteleza bila kuvuta pamba, ng'ombe anakanyaga tope. Shafti ikigusa mahali isipotakiwa kugusa, anajikuna. Kulikuwa na kukohoa na kulikuwa na kukoroma. Kwa jumla yalikuwa majina kumi na moja, na kila moja lilikuwa na dawa yake.

Mawili yalikaribiana sana. Ng'ombe anamwita ndama, na ng'ombe anamjibu ndama.

Kama mmechunga mnajua ninachosema. Ng'ombe asiyemwona ndama wake anaita kwa sauti ndefu inayopanda, anakata, anasikiliza, anaita tena. Akishamsikia ndama, anajibu kwa sauti ndefu vilevile, ila nzito, ya chini, isiyokatika. Ukiwa mgeni utasema ng'ombe analia tu. Mtoto wa miaka saba aliyelelewa zizini hawezi kuzichanganya. Kwenye shafti, kujibu ndama kulimaanisha mzigo ni mkubwa, pamba imeingia nyingi, acha iende. Kuita ndama kulimaanisha beringi inakauka kwa ndani. Hapo huongezi grisi wala hugusi kitu, unakimbilia injini unazima.

Miaka ya soko huria ikaja. Wenyewe tuliliita soko holela. Chama cha ushirika kilishindwa kununua pamba, kiwanda kikakaa msimu mzima hakina sauti, popo wakaingia. Kisha ikaja kampuni ya watu binafsi ikakichukua. Ilikuja na meneja mpya, rangi mpya ya kijani kwenye mageti, na kompyuta mbili zilizofunikwa shuka.

Meneja alituita uani. "Nani hapa amefika sekondari na anaijua mashine?"

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Mzee Nkwabi alikuwa amesimama kando yangu.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ofisini, Baba."

"Kuna nini huko?"

Ukweli ni kwamba kulikuwa na feni na shati jeupe. Nilikuwa nimechoka kwenda kanisani na kucha nyeusi, kila nikipokea komunyo naficha vidole. Mke wangu hakuwahi kulalamika. Ni mimi mwenyewe niliyekuwa najionea haya.

Nilipelekwa Mwanza wiki sita kujifunza. Basi lilipofika Lamadi, kila abiria alinunua samaki isipokuwa mimi, nisije nikanusa darasani. Mwalimu alikuwa dada mdogo kuliko mimi, na vidole vyangu vya spana vilibonyeza herufi mbili kila nilipotaka moja. "Baba Maduhu," ananiambia, "hiyo si nati. Iguse tu." Siku ya tatu nilizima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani, kama ninavyokata injini, na kazi ya darasa zima iliyokuwa humo ikapotea. Nilijifunza kuhifadhi kazi kila baada ya mistari michache. Hilo nalo litarudi baadaye.

Nikarudi Bariadi mtu wa ofisi. Wiki ya pili kompyuta moja ikawa inazimika yenyewe. Meneja alitaka kuirudisha Mwanza. Niliisikiliza. Feni yake ndogo ya ndani ilikuwa inakanyaga tope. Nikaifungua, nikakuta vumbi la pamba limejaa kama godoro, nikalitoa kwa brashi ya kupakia rangi, nikaweka tone moja la mafuta ya cherehani. Ikapona. Meneja alinipigia makofi. Mngedhani siku hiyo ningejua nimetoka wapi na nimebeba nini. Badala yake nilijiona fundi wa kitu kikubwa zaidi.

Msimu ulipokaribia kwisha, meneja aliniita akanionyesha jedwali kwenye kioo. Lilikuwa na safu mbili. Ya kwanza, DALILI. Ya pili, HATUA.

"Mzee Nkwabi anajua mambo mengi," akasema, "lakini yako kichwani. Akiugua tufunge kiwanda? Kaa naye, yatoe yote, yaweke humu. Kwa Kiswahili safi, Bwana Maduhu. Safu ya dalili inapokea herufi ishirini tu."

Nilielewa. Msije mkafikiri sikuelewa. Wakati ananiambia "akiugua" nilijua hazungumzii ugonjwa. Lakini nilijiambia kwamba kazi ni kazi, na kwamba kama si mimi ataletwa mwingine.

Mzee Nkwabi yeye alifurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa kirefu hivyo. Kila asubuhi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaja ofisini akakaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza, "Leo tumsikilize yupi?" Alinieleza, akaiga sauti, akapiga meza kwa kiganja. Siku moja aliiga kukohoa vizuri mno, mhudumu wa ofisi akamletea maji.

Na mimi nilikuwa naona aibu. Shuleni kwetu, ukiongea Kisukuma ulivishwa kibao shingoni, ukakibeba mpaka umkamate mwenzako naye kaongea. Mimi nilikibeba mara nyingi. Mtu aliyebeba kibao kile hamalizi kukivua. Nilitazama kioo cha kompyuta ya kampuni nikajiuliza, niandike ng'ombe humu? Niandike inzi na tope, watu wa Dar es Salaam waje wasome? Nikaanza kusafisha. Anafukuza inzi nikaandika MKANDA UMELEGEA. Anasaga meno nikaandika MLIO WA GIA. Kwa hayo sikukosea sana.

Siku ya saba alinieleza kumjibu ndama. Niliandika MVUMO MREFU. Upande wa hatua nikaandika: KAWAIDA. ENDELEA.

Siku ya nane, karibu na chakula cha mchana, akanieleza kumwita ndama. Akaiita, sauti ikapanda, akakata, akasikiliza, akaita tena. Njaa ilikuwa inaniuma. Nikasema, "Hii si ile ya jana, Baba?"

"Ya jana anajibu. Huyu anaita."

"Lakini ni mvumo mrefu."

"Ni mrefu, ndiyo. Lakini huyu hajamwona mtoto wake, ng'wanone. Huyu unakimbia."

Nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Na nilielewa, nimechunga mimi. Lakini kwenye jedwali mstari wa mvumo mrefu ulikuwepo tayari. Sikutaka kuandika mistari miwili yenye maneno yaleyale, na sikutaka kuandika ndama. Nikasema nitarekebisha mchana. Mchana nikaendelea na kukoroma.

Juzi nimekaa nikahesabu kwa kalamu. NG'OMBE ANAITA NDAMA, ukihesabu nafasi na kile kialama cha juu, ni herufi ishirini kamili. Ingeingia.

Karatasi ilichapwa kwa ile printa iliyolia kama cherehani mbovu. Chini kabisa meneja alitaka iandikwe: Imeandaliwa kwa maelezo ya Fundi Mkuu Nkwabi. Mzee aliposomewa jina lake alishika karatasi kwa mikono miwili. "Wabeja," akaniambia, asante. Alinishukuru mimi.

Kabla ya msimu uliofuata alipewa barua ya kupumzishwa. Nani aliichapa? Kompyuta ilikuwa na mtu mmoja. Aliondoka na kipande chake cha fimbo kwapani, akaenda kwao, nje kidogo ya Lagangabilili. Hakuniaga, au tuseme alisimama mlangoni mwa ofisi muda kidogo, mimi nikajifanya nasoma kioo.

Aliyekuja badala yake aliitwa Deo, fundi mwenye cheti, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Kagera. Alikuwa mchapakazi na mcheshi. Ile karatasi aliivisha nailoni akaitundika karibu na shafti, na kila asubuhi aliisoma kana kwamba ni sala. Alikuwa ananitania, "Bwana Maduhu, huyu mzee wenu alikuwa profesa. Kila kitu kiko hapa."

Ilikuwa mchana, pamba imejaa uwanjani, mashine zote zinafanya kazi. Nilikuwa ofisini naingiza uzito wa marobota. Ukuta mmoja tu ulinitenga na shafti. Nikasikia.

Iliita. Sauti ndefu ikapanda, ikakatika. Kimya kidogo. Ikaita tena.

Mwili wangu ulisimama wenyewe. Miaka yote ile ya grisi ilisimama. Kisha nikakumbuka mambo matatu kwa mpigo mmoja: kwamba kazi niliyoingiza tangu asubuhi sijaihifadhi, kwamba shafti si kazi yangu tena, na kwamba Deo anayo karatasi. Nikabonyeza kuhifadhi. Taa ya disketi ikawaka, ikawa inakwaruza, polepole, kama ilivyokuwa siku zile. Nikasubiri taa izime. Shafti ikaita mara ya tatu.

Naapa sikukumbuka kilichoandikwa kwenye ile karatasi mpaka taa ilipozima.

Nilifika mlangoni nikamwona Deo. Alikuwa ameshaisoma nailoni yake. Kawaida, endelea. Kwa sababu alikuwa fundi mwangalifu hakutosheka na karatasi, akasogea aiguse beringi kwa kiganja aone kama ina moto. Nilipiga kelele, "Zima! Anaita!" Nadhani nilisema kwa Kisukuma. Beringi ikakamata, mkanda ukakatika, ukaja kama mjeledi ukamviringa mkono wa kulia, ukaubana kwenye shafti. Sitaeleza zaidi. Walioona hawahitaji kuelezwa na ambao hamkuona msitamani.

Meneja alitaka taarifa ipelekwe makao makuu ya kampuni. Alisoma karatasi, akauliza wafanyakazi wa zamani wa mashine, wakamwambia sauti ile si ya kuendelea nayo. Akarudi ofisini akasimama nyuma yangu.

"Andika," akasema. "Chanzo: maelezo yasiyo sahihi yaliyotolewa na fundi wa zamani."

Vidole vyangu vilikaa juu ya kibodi. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja. Meneja, Mzee alisema sawa, ni mimi. Maneno sita. Nilikuwa na watoto, ndiyo, lakini sitawaweka watoto mbele kama ngao, kwa sababu wakati ule sikuwaza watoto. Niliwaza kurudi kwenye ndoo ya grisi mbele ya watu wote. Nikaandika kama alivyosema. Nikahifadhi.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda Lagangabilili. Nilimkuta Mzee Nkwabi zizini anaziba pengo la uzio kwa matawi ya miiba.

"Mwangaluka, Baba."

"Mwangaluka. Shati lako litachanika hapo, sogea."

Nikamweleza yote, nimesimama. Hakuacha kuziba. Nilipofika kwenye mkono wa Deo akasimama.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Anakulaje?"

"Anajifunza wa kushoto."

Akakaa juu ya gogo. Nikatoa daftari mfukoni. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitaandika upya, kwa maneno yake, bila kusafisha.

"Baba, nitajie tena yote kumi na moja."

"Andika," akasema. "Ya kwanza, kelele. Ya pili, kelele. Ya tatu, kelele. Si ndivyo mnavyopenda? Nenda mpaka kumi na moja."

Mkewe alitoka na maziwa, akaniuliza habari za watoto. Nilikunywa kwa sababu kukataa kungekuwa tusi jingine. Mzee hakuniongelesha tena, ila nilipoaga alinisindikiza mpaka njiani kama mila inavyotaka, na hilo liliniuma kuliko kama angenifukuza. Nilirudi nimeamua kwamba Jumatatu nitakwenda kwa meneja. Jumatatu ikaja ikapita. Mzee Nkwabi alifariki miaka michache baadaye. Mazishini walisema alikuwa fundi hodari aliyeharibiwa jina na kosa moja la uzeeni. Nilikuwepo. Nilishika sepetu nikafukia udongo, nikaondoka.

Kompyuta nayo haikukaa nami sana. Zilikuja mpya, mahesabu yakawa yanafanyika Mwanza, na kijana aliyeletwa kuziunganisha alijua kwa asubuhi moja niliyoyajua kwa miaka minane. Nilimsaidia kuhamisha kila kitu. Nilipomaliza kumsaidia, mnajua kilichofuata. Nikarudi kutengeneza mashine za kusaga na cherehani, sikio moja limeshakuwa zito. Siwezi kusema sikustahili.

Deo hakurudi kwao. Alipotoka hospitali nilimfundisha kibodi, jioni baada ya kazi, kwa mkono wa kushoto. Watu walinisifu kwa hilo. Yeye mwenyewe alinisifu. Leo ana steshenari karibu na ofisi za mkoa, anachapa barua za maombi ya kazi kwa vijana kama ninyi, na mteja akishangaa kasi ya mkono ule mmoja anamwambia, "Mwalimu wangu ni Mzee Maduhu." Miaka yote hii nimekuwa nikiingia dukani mwake nikisalimiwa hivyo.

Haya mnayoyasoma niliyaandika kwa kalamu mpaka hapo juu. Nikampelekea Deo ayachape. Sikumwambia ni nini. Niliweka karatasi mezani, nikasema nitazipitia kesho, nikatoka haraka kama mwizi.

Kesho yake nilikuta wateja wawili wanasubiri nje. Alikuwa amefunga mlango nusu. Karatasi zangu zilikuwa upande mmoja, zilizochapwa upande wa pili, zimenyooshwa vizuri. Hakunyanyuka.

"Nimemaliza," akasema. "Umeandika maziwa kwa z mbili mahali pamoja. Nimerekebisha."

"Deo."

"Kaa, Mzee."

Nikakaa. Nje bodaboda zilikuwa zinabishania abiria. Akatazama kioo, si mimi.

"Mimi nimekuwa nikimlaani mzee wa watu," akasema. "Hata jina lake sikulitaja nyumbani. Nilimwita yule mchawi wa karatasi."

"Najua."

"Hujui." Akavuta pumzi. "Halafu unasema ungeandika ng'ombe anaita ndama. Mzee, mimi kwetu ni migomba. Migomba haina ndama. Ungeandika hivyo nisingeelewa kitu."

Nawaambia ukweli, vijana wangu, moyo wangu ulishika neno hilo haraka. Nikaona mlango. Kama asingeelewa, basi pengine isingebadilisha kitu, basi pengine nimejitesa bure. Nadhani aliona uso wangu ulivyolegea.

"Nisingeelewa," akarudia, "kwa hiyo ningeuliza. Ningesema, Bwana Maduhu, hii habari ya ng'ombe ni nini? Wewe ungecheka, ungenieleza. Ama mngenipeleka kwa mzee mwenyewe. Lakini wewe uliandika kawaida." Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kawaida nilikuwa nalijua."

Akasogeza kibodi karibu, akaweka mkono wake wa kushoto juu yake.

"Umesema yalikuwa kumi na moja. Hapa umetaja tisa."

"Mawili yamenitoka."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akayachapa yale tisa kwenye karatasi ya peke yake, moja chini ya jingine, kama Mzee Nkwabi alivyoyasema. Chini yake akaacha mistari miwili mitupu, na chini ya mistari hiyo akaandika: Imepotezwa na Maduhu. Akanipa. Nikamwomba niiweke mwishoni mwa maandishi haya, akasema hiyo si ya kuweka kwenye maandishi, hiyo nikaitundike ukutani kwangu.

Nimeitundika. Deo sijakaa naye tena tangu siku hiyo. Nikipita dukani mwake ananijibu salamu, lakini haniiti mwalimu.